Jela Mbili za Harry Thuku

Somo: 1 Petro 3:17. Soma pia Methali 11:1 na Luka 19:1-10.

 

Mchungaji ameniomba ushuhuda karibu mwaka mzima, nami nimekuwa nikimwambia ngoja kidogo, ngoja kidogo. Kwa nini nilichelewa, mtaona mbele. Kwanza wacha niwasimulie habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, maana bila yeye nisingeshika kalamu leo.

Mwaka jana nilimsindikiza binti yangu chuoni Nairobi. Tukiwa tunatembea karibu na Chuo Kikuu, nikaona kibao cha barabara: Harry Thuku. Barabara yenyewe inapita mbele ya hoteli ya Norfolk, ile ya zamani ya wazungu, na kituo kikuu cha polisi hakiko mbali. Nikamuuliza binti yangu, huyu Thuku ni nani hata apewe barabara mahali pa watu wakubwa namna hii? Akanicheka, akasema hayo walisoma shule ya upili. Baadaye akaniletea kitabu ambacho Thuku mwenyewe alisimulia maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1970. Nikakisoma usiku baada ya usiku, polepole, kamusi kando yangu. Nikatafuta na mengine yaliyoandikwa juu yake. Haya ndiyo niliyopata.

Jela ya kwanza

Harry Thuku alizaliwa mwaka wa 1895 upande wa Kambui, Kiambu. Akalelewa karibu na misheni, akasoma kwa wamishonari wa Kambui, akajua kusoma na kuandika wakati ambapo Waafrika waliojua hayo walikuwa wa kuhesabiwa. Mwaka wa 1911, akiwa kijana mdogo, akaingia Nairobi kutafuta kazi. Mji ule ulikuwa na mabati, matope na pesa za watu wengine. Mwaka huo huo kijana wetu wa misheni akashtakiwa kwa kughushi cheki, korti ikamtia hatiani, akafungwa miaka miwili.

Hebu tusimame hapo kidogo, wapendwa. Tukisimulia maisha ya watu wakubwa tunapenda kuruka kurasa za namna hii. Biblia hairuki. Musa aliua mtu akamficha mchangani, nayo imeandikwa. Daudi na mke wa Uria, imeandikwa. Basi na mimi siruki: mtu ambaye leo ana barabara Nairobi alianzia maisha ya mjini kwenye jela ya kughushi.

Alipotoka hakurudi nyumbani kujificha. Akapata kazi ya kupanga herufi kwenye gazeti moja la walowezi. Ni kazi ya kuinama kutwa, lakini ilimpa faida: aliyekuwa akipanga zile herufi alikuwa pia anasoma vile walowezi walivyokuwa wakipanga juu ya watu wake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akawa opereta wa simu kwenye Hazina ya serikali. Kwa Mwafrika wa siku zile hiyo ilikuwa kazi safi. Shati jeupe, mshahara wa mwezi, kiti.

Kilio cha watu

Sasa sikilizeni hali ilivyokuwa nje ya ile ofisi. Kulikuwa na kipande. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa awe na karatasi yenye alama za vidole vyake na maneno ya kila mzungu aliyemwajiri, ikiwa ndani ya kikopo cha chuma alichokining'iniza shingoni. Ukitoroka kazi mbaya, kipande kinakusaliti. Wazungu hawakuvaa, Wahindi hawakuvaa. Ni ngozi nyeusi pekee.

Kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyopandishwa hadi shilingi 16. Wake za watu na wasichana walikuwa wakitolewa vijijini kwa lazima, machifu wakiwa ndio watafutaji, wapelekwe kuchuma kahawa kwenye mashamba ya walowezi. Halafu mwaka wa 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi wakaafikiana kukata mshahara wa Mwafrika kwa thuluthi moja. Yaani hasara ya tajiri ilipwe na maskini. Soma Yakobo 5:4 uone vile mshahara uliozuiliwa unapiga kelele mpaka unafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Mwezi wa Juni mwaka huo, Thuku na vijana wenzake wakaunda chama, wakakiita Young Kikuyu Association. Hakikukaa hata mwezi na jina hilo. Julai wakakibadilisha kikawa East African Association. Msifikiri ni jambo dogo. Nairobi ilikuwa na wafanyakazi wa kila kabila, na kipande hakikuuliza mtu ni Mkikuyu, Mkamba au Mjaluo. Thuku akaona kwamba ukipigania kabila lako peke yake, umemwachia anayekukandamiza mlango wa nyuma. Akafanya urafiki na Wahindi pia, mmoja wao Manilal Desai aliyekuwa mhariri wa gazeti. Malalamiko ya Waafrika yakapigwa simu mpaka London, wakiwaruka mabwana wa Nairobi. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kule Lundha, Gem, watu wa Nyanza nao wakaunda chama chao, vilio vikiwa ni vile vile: kipande, kodi, mshahara.

Mimi ninasoma hayo nikiwa Boito, na nafikiria kambi zetu. Kwetu hapa Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya wanachuma mstari mmoja. Tunajua pia yaliyotokea 1992 na 2008, majirani walipofukuzana. Si lazima niyasimulie, moshi wake wengine wenu mliuona. Nasema tu kwamba kilo ikipotea kwenye mizani, inapotea kwa wote.

Serikali ikamwambia Thuku achague: simu za Hazina au siasa. Akaacha kiti.

Jela ya pili

Alizunguka vijijini akihutubia, na akina mama walimpenda zaidi ya wote, kwa sababu ndiye aliyesema waziwazi kwamba binti zao wasichukuliwe kwa lazima. Machifu wakamchukia. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa, akafungiwa kituo cha polisi Nairobi.

Siku iliyofuata wafanyakazi wakaacha kazi. Wapishi, matopasi, makarani, wote wakaja kukaa nje ya kile kituo. Tarehe 16 walikuwa maelfu. Wajumbe wachache wakaenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi na habari kwamba hakuna kitu, watu waende nyumbani. Wanaume wakaanza kuondoka. Hapo mama mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akatoka mbele. Akainua vazi lake juu, mbele ya wanaume wote, akawaambia walichukue wampe wao suruali zao. Kwa desturi yetu pia mnaelewa uzito wa mama kufanya hivyo. Ni aibu inayomrudia anayetazama. Wale akina mama wengine wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao wakafyatua. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilitaja watu 21 waliokufa. Wengine walihesabu zaidi ya 50.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikumbuka nikipita pale na binti yangu, mimi na mfuko wangu wa mahindi ya kuchoma, nisijue nakanyaga wapi.

Thuku hakupelekwa kortini. Alisafirishwa mpaka Kismayu, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Kenya, na baadaye akahamishwa, akawekwa Marsabit. Aliruhusiwa kurudi nyumbani mwaka wa 1931. Ni karibu miaka tisa. Na hapa ndipo Roho Mtakatifu alinishika, wapendwa. Angalieni zile jela mbili. Ya kwanza ilikuwa na shtaka, na hakimu, na siku ya kutoka. Ya pili haikuwa na shtaka, wala hakimu, wala siku ya kutoka. Kwa macho ya dunia ya pili ndiyo mbaya zaidi. Lakini ile ya kwanza alifungwa kwa habari ya cheki, na ile ya pili kwa habari ya binti za watu na mishahara ya watu. Petro anatufundisha kwamba ni heri kuteseka kwa kutenda mema, Mungu akipenda iwe hivyo, kuliko kuteseka kwa kutenda mabaya. Thuku alionja zote mbili. Na mtu ni yule yule mmoja.

Je, damu ile ilizaa kitu? Kodi ilipunguzwa mpaka shilingi 12. Kipande kilibaki kwa miaka mingine mingi. Mungu hulipa, lakini si kila mara mwisho wa mwezi.

Meza ya bei

Sitawadanganya kwamba aliporudi alikuwa simba yule yule. Mwaka wa 1932 akawa rais wa Kikuyu Central Association, wakagombana, na mwaka wa 1935 akaanzisha chama chake kingine kilichokuwa cha upole zaidi. Mwaka wa 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa KAU. Lakini wakati wa Mau Mau alisimama upande wa kuwapinga hadharani, na wako waliomwita msaliti mpaka kufa kwake. Wengine walisema Marsabit ilimvunja. Mimi si mwamuzi wake. Nimemleta kwenu kama mtu, sikumleta kama mtakatifu.

Lakini kuna jambo la siku zake za mwisho ambalo sisi wa majani chai lazima tulione. Thuku alirudi shambani, akalima kahawa Kiambu. Kumbukeni kahawa ndiyo zao ambalo kwa miaka mingi Mwafrika wa Kiambu alikatazwa kulipanda. Aliruhusiwa kuichuma tu. Chai hivyo hivyo: makampuni yalianza kupanda huku kwetu miaka ya 1920, lakini mkulima mdogo Mwafrika alikuja kukubaliwa miaka ya 1950.

Na ushirika je? Wengi hawajui kwamba chama cha kwanza cha ushirika Kenya nzima kilianzishwa hapa hapa jirani, Lumbwa, ambako sasa tunaita Kipkelion, mwaka wa 1908. Kilikuwa cha walowezi. Jina Lumbwa ni lile wageni walilowaita babu zetu, lakini babu zetu wenyewe hawakuwa na kiti ndani yake. Walowezi walijua siri: mkulima mmoja mmoja anaambiwa bei, wakulima waliokaa pamoja wanaulizwa bei. Siri hiyo walijiwekea wenyewe kwa muda mrefu sana.

Basi mwaka wa 1959 Harry Thuku, mfungwa wa Kismayu, akaketi kwenye bodi ya Kenya Planters, ule ushirika mkubwa wa kahawa, Mwafrika wa kwanza kuketi pale. Miaka 37 baada ya risasi. Alikuwa amepigania mshahara wa mchumaji, sasa yuko kwenye meza inapopangwa bei. Alikufa tarehe 14 Juni 1970, nchi ikiwa huru.

Sisi nasi tunakaa kwenye hiyo meza, ingawa tunasahau. KTDA ilianzishwa mwaka wa 1964, na tangu mwaka wa 2000 viwanda ni vya wakulima kwa hisa. Wengi wenu mna hisa, hata kama karatasi yake panya walishakula. Uhuru wa mkulima uko pale kwenye mizani, na kwenye mkutano wa mwaka ambao huwa hatuendi ati mvua.

Sasa ushuhuda wangu

Wapendwa, kabla sijaokoka nilikuwa karani wa kupima majani chai. Mahali nilipofanya kazi sipataji, na walionituma siwataji, maana hapa ninatubu dhambi yangu, sitafuti kesi. Wakati ule mizani ilikuwa ya kuning'iniza, na mwenye kusoma mshale ni karani. Mama analeta gunia la kilo 23, mimi naandika 21. Nikiulizwa nasema ni maji ya mvua. Mvua ya Boito ilinisaidia sana kudanganya. Zile kilo nilizokata ziliandikwa kwa namba ya mtu ambaye hakuwa na hata mche mmoja wa chai, na mwisho wa mwezi tunagawana.

Nilikamatwa, nikalala rumande, nikaachishwa kazi. Baadaye nikampokea Yesu kwenye mkutano wa hema, na nyote mnajua nimetumika kanisani humu miaka mingi. Lakini jambo moja sikulifanya. Nilitubu mbele za Mungu, sikutubu mbele ya wale akina mama. Niliambia moyo wangu kwamba damu ya Yesu imefunika. Imefunika kweli. Lakini Zakayo naye alisamehewa, na bado alisimama mbele ya watu akataja pesa.

Mwaka jana wakulima wa banda letu walitaka mtu wa kuwasemea kuhusu kilo zinazopungua. Wakanitaja mimi, ati najua mambo ya mizani. Nikakataa. Nikasema nina shinikizo la damu. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu atasimama aseme, huyu si ndiye yule? Nilifikiri mtu aliyeiba kwa mizani hawezi kutetea mizani. Ibilisi alikuwa amenifunga jela ya kwanza na kutupa ufunguo, nami nikawa nimekaa ndani nikiiita unyenyekevu.

Kisha nikakisoma kitabu cha Thuku. Nikaona kijana wa kughushi, miaka kumi baadaye, watu wanalala nje ya polisi kwa ajili yake. Nikaona kwamba walihitaji mtu wa kusimama, naye akasimama.

Jumamosi moja nikaenda bandani, majani yakingoja lori. Nikawaambia wote, wakulima na wachumaji, nilichofanya. Mikono ilitetemeka. Kukawa kimya, lori likisikika mbali kwenye kona. Kogo mmoja, ambaye gunia lake nililikata mara nyingi kuliko naweza kuhesabu, akaniangalia muda mrefu. Halafu akasema yeye alijua siku zote, kwani kwake nyumbani alikuwa na kopo la kupimia. Akasema nitawasemea, sawa, lakini namba kwenye mizani atasoma yeye mwenyewe, na mimi nisimame mbali na kalamu.

Watu walicheka. Mimi nililia. Na ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Mizani sasa ni ya dijitali, kogo anasoma, mjukuu wake anaangalia risiti, mimi naongea na wakubwa nikiwa nimeshika mikono mgongoni. Mambo mengine wamesikia, mengine bado tunaongea.

Ndugu yangu, pengine nawe umekaa kwenye jela yako ya kwanza. Ulikula pesa za kikundi, ulighushi sahihi ya marehemu upate shamba, ulipiga jirani yako 2008. Umeokoka, unaimba, lakini kukitokea uonevu unanyamaza, maana mdomo wako una deni. Nakuambia kwa upendo: lipa deni, ufunguke mdomo. Wanyonge hawawezi kungoja mpaka tupatikane wasio na doa.

Na wewe ambaye miaka ile ulileta gunia kwangu ukaondoka na kilo pungufu, ninaandika hapa kwa sababu siwakumbuki wote. Bonasi yangu ya mwaka huu nimeitenga. Njoo baada ya ibada, mimi nakaa benchi la mwisho upande wa mlango. Huhitaji kuleta karatasi. Taja kilo zako.

Tuombe: Baba, tupe mizani ya haki mikononi na ujasiri vinywani. Wakumbuke wanaochuma, wa kila kabila. Walipe waliodhulumiwa, na utusaidie sisi tuliodhulumu kulipa kabla hujatuuliza. Katika jina la Yesu, Amina.